Naandaaje vikao vya kampeni ndefu: vikao 83, meza moja, karatasi moja kila kikao

#1 Mshika Dadu (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Uzi huu ni wa wenzangu wanaosimulia michezo ya uhusika ya mezani, hasa zile kampeni (hadithi moja inayoendelea kikao baada ya kikao) zinazokwenda miaka. Meza yangu ina wachezaji watano, tunakutana kila baada ya wiki mbili, na juzi tumemaliza kikao cha 83. Wahusika ni walewale tulioanza nao, isipokuwa mmoja aliyekufa kikao cha 40 na mwenyewe akaingia na mwingine. Nimeulizwa mara nyingi "unaandaaje?" nikaona niyaweke yote hapa, wenye uzoefu waongeze na wenye kupinga wapinge.

Kwa mgeni wa mambo haya: kila mchezaji ana mhusika wake mmoja, na msimulizi anabeba ulimwengu wote uliobaki, kuanzia mfalme hadi mbwa wa mlangoni. Jambo likiwa na shaka, dadu inaamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ulikuwa Dungeons & Dragons mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo shida ya msimulizi ni ileile. Wewe una siku nne za kufikiri peke yako, wao wana dakika nne za kufikiri wakiwa watano, na dakika zao nne zinazishinda siku zako nne.

Nianze na kosa, maana ndilo lililonifunza.

Kikao cha 19 nilikuja na kurasa 11 za mazingiro ya ngome. Nani anapanda ukuta upande upi, lango linavunjika wakati gani, nahodha wa adui anatamka nini akiwa juu ya farasi. Wachezaji wakanong'onezana kama dakika ishirini, kisha mmoja akasema: "Tunapeperusha kitambaa cheupe. Tunataka kuongea na nahodha. Sisi ndio tuliomtoa kaka yake machimboni." Ilikuwa kikao cha 6. Alikuwa ameiandika kwenye daftari lake, na jina la huyo kaka pia. Mimi nilishasahau kabisa. Na kwa kuwa kurasa 11 zilikuwa mkononi mwangu, nikajibu kwamba nahodha hataki maongezi, mishale inaanza kumiminika.

Yule dada akafunga daftari. Hakununa, hakulalamika, alicheza mpaka mwisho. Ila alilifunga, akaweka kalamu juu yake, na vikao vitatu vilivyofuata hakuandika neno. Kalamu ile juu ya daftari bado naiona. Nilikuwa nimemwambia bila kutamka kwamba alichokifanya nusu mwaka nyuma hakina uzito mbele ya nilichoandika mimi juzi usiku.

Tangu hapo siandai kitakachotokea. Naandaa watu, wanachokitaka, na watakachokifanya kama hakuna wa kuwazuia. Na sehemu kubwa ya maandalizi naifanya baada ya kikao, siyo kabla.

Usiku uleule, kabla sijalala, nakaa robo saa na daftari. Naandika madeni (nani anamdai nani, iwe fedha au fadhila), ahadi zilizotamkwa hata kwa mzaha, majeraha, na kitu ninachokiita macho. Macho ni orodha ya waliowaona wachezaji wakifanya walichofanya. Mhudumu wa nyumba ya wageni aliyesikia ugomvi. Mtoto aliyekuwa juu ya mti wakati maiti inafukiwa. Orodha hii ndiyo mgodi wangu. Nikikosa wazo la kikao kijacho nafungua safu ya macho, nachagua mtu mmoja, najiuliza: huyu alichokiona amemsimulia nani? Hadithi inazaliwa hapo hapo, na inazaliwa kutokana na matendo yao wenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kuwavuta waipende.

Ukisubiri kesho yake umechelewa. Asubuhi unakumbuka mapigano makubwa. Yule mtoto juu ya mti ameshapotea.

La pili: kabla hawajainuka mezani nauliza, "Kikao kijacho mnaelekea wapi, na mnataka kufanya nini?" Wanabishana dakika tano, wanakubaliana, naandika. Swali hilo limeniokolea saa nyingi kuliko kitabu chochote nilichowahi kununua, kwa sababu naandaa njia moja badala ya sita.

La tatu, siku mbili kabla ya kikao, naandika karatasi moja, upande mmoja. Hii hapa ya kikao cha 82 kama ilivyokuwa:

> MWANZO: mvua. Kivuko kimefungwa, watu arobaini wamekwama gatini. Mvushaji kakaa juu ya boti lake lililopinduliwa, hasemi na mtu.
> MVUSHAJI: mwanawe yuko ng'ambo, anamtaka kabla ya jua kuzama. Asipozuiwa atavuka usiku peke yake na kuzama.
> MTOZA USHURU: anataka watu wakwame hadi kesho, mzigo wake upite juu ya mto bila kukaguliwa. Asipozuiwa, unapita.
> MJANE MWENYE MBUZI: anawadai (kikao cha 31, zizi lililoungua). Fedha au msaada, yote sawa kwake.
> YANAYOONEKANA KWA ANAYETAFUTA: kamba ya kivuko imekatwa kwa kisu, haikuoza. Matope mekundu ya ng'ambo kwenye buti za mtoza ushuru. Mbuzi mmoja ana alama ya chuma isiyo ya mjane.
> HARUFU/SAUTI: majani mabichi yaliyooza, mnyororo unaogonga mbao.
> MAJINA YA AKIBA: kumi.

Basi. Kikao kilichukua muda wa saa nne. Nilidhani wangemkimbilia mvushaji. Walimwendea mjane, wakamlipa, na mjane ndiye aliyewaambia habari za matope. Sikuwa nimeandika kwamba mjane anajua. Lakini alikuwa amekaa gatini tangu asubuhi na macho yake ni mazima, kwa nini asijue?

Karibuni wakuu.

#2 Mgeni wa Meza

Mkuu shukrani sana, nimesoma mstari kwa mstari. Mimi ndiyo naanza, nimesimulia vikao vitatu tu. Hofu yangu ni moja: nikienda na karatasi moja kisha wakafanya jambo ambalo halipo, nitakwama mbele za watu. Kurasa nyingi zinanipa usalama hata nisipozitumia. Wewe unajibuje pale wanapoingia duka ambalo hukulifikiria?

#3 Mshika Dadu

Ndugu Mgeni, hofu hiyo tunaijua wote, na swali lako ni la msingi.

Kukwama mezani mara nyingi husababishwa na mambo mawili madogo: jina na tabia. Wachezaji wakiuliza "muuza duka anaitwa nani?" ukasita, meza nzima inajua kwamba duka hilo halikuwepo sekunde tatu zilizopita. Ndiyo maana majina kumi ya akiba hayakosekani kwenye karatasi. Ukitumia moja likate, andika pembeni ni nani sasa.

Tabia naiachia dadu. Mchezo ule wa 1974 ulikuwa na jedwali la mapokezi ambalo mpaka leo nalitumia hata kwenye michezo mingine. Unarusha dadu mbili za pande 6 na kujumlisha. Ikija 2 hadi 5, huyo mtu au kiumbe amewachukia. Ikija 6 hadi 8 bado hajaamua. 9 hadi 12 amewapokea vizuri. Hesabu yake imekaa vizuri mno: kati ya namna 36 za dadu mbili kuanguka, 10 ni za chuki, 16 ni za kusitasita, 10 ni za wema. Yaani ulimwengu wako, ukiachwa wenyewe, una watu wengi wanaosubiri kuona utafanya nini. Hilo linawapa wachezaji nafasi ya kuongea badala ya kuchomoa upanga kila mlango unapofunguka.

Kisha mpe mtu wako haja moja ya leo. Haja ya maisha yake yote huihitaji. Muuza duka anataka kufunga mapema kwa sababu jino linamuuma. Inatosha kabisa, na wachezaji watamkumbuka.

Kuhusu kurasa nyingi: andika ukitaka, hakuna anayekukataza. Ila jipime. Ukijikuta unatafuta namna ya kuwarudisha kwenye ukurasa wa 4, weka karatasi chini, uwatazame usoni.

#4 Daftari Jekundu

Mleta uzi heshima kwako, ila naomba kutofautiana.

Karatasi moja inafaa safari, siasa, mapigano. Kampeni yangu ni ya upelelezi, na upelelezi hauvumilii msimulizi anayebuni ukweli papo hapo. Nani aliua, kwa nini, saa ngapi, alipita mlango upi: hayo lazima yawe yameandikwa kabla wachezaji hawajakaa. Ukiyabadili katikati kwa sababu mchezaji kaja na nadharia tamu kuliko yako, umewaibia. Wao wanadhani wanagundua, kumbe wanabahatisha na wewe unaitikia.

Niliwahi kufanya hivyo. Kikao kikaisha kwa shangwe, kila mtu kafurahi. Wiki mbili baadaye wakaanza kuunganisha vidokezo vya zamani na muuaji mpya, na havikuungana. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Yule mlinzi alisema mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Sasa huyu alitokaje?" Sikuwa na jibu. Kampeni ile haikupona, maana tangu siku hiyo waliacha kuandika vidokezo. Vya nini, kama vinaweza kubadilika?

Kwa hiyo mimi naandika ratiba ya uhalifu saa kwa saa, kabla ya kitu kingine chochote. Halafu nafuata kanuni aliyoieleza Justin Alexander, mwanablogu wa michezo hii, mwaka 2008: kila hitimisho unalotaka wachezaji walifikie, liwekee vidokezo visivyopungua vitatu. Sababu ni ya kibinadamu tu. Cha kwanza watakipita bila kukiona, cha pili watakiona na kukielewa vibaya, cha tatu ndicho kitakachowafikisha. Nyongeza yangu: vidokezo hivyo vitatu visiwe vya aina moja. Kimoja kiwe kitu cha kushika, kimoja kitoke kinywani mwa mtu, kimoja kiwe kitu kisichokuwepo mahali ambapo kingepaswa kuwepo. Wachezaji hawafanani, kuna wa kupekua droo na kuna wa kupiga soga na mpishi.

#5 Mshika Dadu

Daftari, hapo sina ubishi. Na ukitazama karatasi yangu, kamba imekatwa kwa kisu na hilo halibadiliki hata wakija na nadharia ya ajabu kiasi gani. Kilichokwishatokea nakiandika na kukilinda kama wewe. Kitakachotokea ndicho nisichokiandika. Pengine niliuficha mpaka huo nilipoandika mwanzo, asante kwa kuutoa nje.

Hilo la kitu kisichokuwepo nalichukua leo leo.

#6 Saa ya Ukutani

Nondo kali humu. Niongeze kuhusu ile mistari ya "asipozuiwa".

Kwenye kampeni ndefu kuna mambo yanayoiva taratibu: jeshi linakusanyika kaskazini, mfalme anaugua, mto unapanda. Ukiyabeba kichwani utasahau, au utayafyatua siku unayohitaji msisimko, na wachezaji wananusa hilo. Mimi nachora saa. Duara kwenye karatasi, limegawanywa vipande 4, 6 au 8. Kila wachezaji wanapochelewa au adui anapofanikiwa, nakijaza kipande kimoja. Duara likijaa, jambo linatokea, liwe linanifaa au halinifai. Mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010 ndio ulionionyesha namna hii, na mwingine, Blades in the Dark wa mwaka 2017, ukaifanya kuwa uti wa mgongo wa mchezo mzima.

Mambo mawili niliyoyajifunza kwa kuumia. Saa zisizidi tatu kwa wakati mmoja, la sivyo unakuwa mhasibu. Na zionyeshe mezani pale inapowezekana. Mwanzoni nilizificha, nikadhani siri inatia hofu. Siku nilipoiweka katikati ya meza ile ya "Tauni inafika mjini", vipande 6, vinne vimeshajazwa, hakuna aliyezungumza kwa muda. Kisha wakaanza kupanga kwa sauti ya chini. Ile saa iliyofichwa ilikuwa inanitisha mimi peke yangu.

#7 Mchezaji Tu

Samahani wakuu, mimi sijawahi kusimulia, ni mchezaji wa miaka mingi. Naomba niseme upande wetu.

Kikao cha kwanza kabisa cha kampeni yetu, mhusika wangu alitupa kisu cha baba yake kisimani kwa hasira. Nilifanya tu kuonyesha tabia yake. Hakuna aliyekigusia tena. Miaka miwili baadaye, mji mwingine kabisa, msimulizi akasema: "Kuna msichana wa miaka kama kumi sokoni, ana kikapu cha vyuma vya zamani. Juu kabisa kuna kisu, mpini umefungwa uzi wa buluu." Akanyamaza. Uzi wa buluu nilikuwa nimeutaja mimi, sentensi moja, kikao cha kwanza.

Nilishindwa kuongea. Wenzangu wakanigeukia, maana wawili hawakuwepo wakati ule na hawakuelewa kwa nini nimekaa kimya. Mwishowe nikauliza bei.

Majoka na mahekalu aliyotuandalia miaka ile siyakumbuki vizuri. Kisu nakikumbuka. Kwa hiyo anaposema mleta uzi kwamba maandalizi hufanyika baada ya kikao, mimi ni shahidi. Mtu mmoja usiku ule wa kwanza aliandika "kisu, kisima, uzi wa buluu" kisha akatunza karatasi.

#8 Mgeni wa Meza

Mchezaji Tu umenigusa.

Sasa swali kwa wakongwe: vikao 83 ni karatasi 83, na daftari juu yake. Unakipataje kisu cha kikao cha kwanza ukiwa kikao cha 50?

#9 Mchora Ramani

Hapo nina neno, kwa sababu nilizama kabisa kwenye bahari ya maandishi yangu kabla sijapata njia.

Usipange kwa vikao. Kumbukumbu ya vikao ni nzuri kwa kusoma, mbovu kwa kutafuta. Panga kwa watu, mahali na vitu. Mimi nina kadi ngumu ndogo ndani ya sanduku, moja kwa kila mtu au mahali, zimefuata alfabeti. Juu ya kadi jina, chini yake mstari mmoja wa anachotaka, kisha orodha ya namba za vikao alivyotokea na neno moja moja: "12 alidanganywa, 27 aliokolewa, 28 alioa". Namba inanirudisha kwenye daftari nikihitaji undani. Kwenye kompyuta ni hivyohivyo, faili moja kwa kila mtu.

Siri yake ni kadi za vitu. Wasimulizi wengi huandika watu na kusahau vitu. Kisu, pete, barua isiyofunguliwa, farasi waliyemwacha zizini. Kitu hakifi, hakizeeki, hakihitaji sababu kubwa ya kusafiri kutoka mji hadi mji. Kila baada ya vikao vitano nachomoa kadi tatu bila kuangalia, na moja kati ya hizo lazima itokee kikao kijacho. Tarishi aliyetajwa kikao cha 9 alirudi kwa njia hiyo kikao cha 44, na sasa ni adui mkubwa wa meza nzima.

#10 Msimulizi Aliyechoka

Wakuu, nawasoma na kuwaonea wivu. Mimi niko kikao cha 61 na nimechoka. Wachezaji bado wana hamu, mimi nikiona siku inakaribia tumbo linakaza. Sitaki kuua kampeni. Kuna aliyepita hapa?

#11 Mshika Dadu

Nimepita, mwaka wa pili, na nakupa pole ya dhati. Uchovu huu huja kwa mtu anayejali, asiyejali angeshaacha.

Waambie. Hilo ndilo la kwanza, na ndilo gumu kuliko yote. Niliogopa wangevunjika moyo. Badala yake yule dada wa daftari (ndiye huyohuyo) akasema, "Tupe vikao vinne, nitasimulia mimi kitu kidogo." Akasimulia hadithi ya walinzi wa mji walewale tunaouchezea, watu wadogo, wakati wahusika wetu wakubwa wako safarini. Mimi nikacheza mlinzi wa zamu ya usiku. Kwa mara ya kwanza niliutembea mji wangu bila kujua nyuma ya mlango kuna nini. Niliporudi kusimulia nilikuwa na watu saba wapya ambao sikuwabuni mimi.

Kupokezana usimulizi si jambo geni. Mchezo wa Ars Magica, uliotoka mwaka 1987, ulijengwa kwa kudhani kwamba kundi lina wasimulizi zaidi ya mmoja na kila mchezaji ana wahusika zaidi ya mmoja.

La pili, tazama ni nini hasa kinachokuchosha. Kwangu ilikuwa mapigano. Nilikuwa natumia saa tatu kusawazisha nguvu za maadui, na wachezaji wanawakwepa. Sasa nina maadui wa aina sita niliokwisha kuwapima, nawabadilisha sura. Yule mbwamwitu wa kikao cha 20 ndiye mamba wa kikao cha 70, namba zilezile, ila mmoja anazunguka na mwingine anavuta chini ya maji. Hakuna aliyewahi kuhisi. Muda huo nauweka kwenye swali moja: adui huyu anapigania nini, na akianza kushindwa atafanya nini? Wengi wao watakimbia. Wachache watajisalimisha, na aliyejisalimisha anaingia safu ya macho.

#12 Saa ya Ukutani

Kwa Aliyechoka, mie nashauri pia uruke muda. Kampeni nyingi huchosha kwa sababu vikao 60 ni majuma sita ndani ya hadithi, watu hawajapumua. Mchezo wa Pendragon, kazi ya Greg Stafford ya mwaka 1985, una kawaida ya tukio moja kila mwaka wa hadithi, kisha majira ya baridi yanafuata: unaangalia farasi wako kama wamepona, mavuno, ndoa, watoto, na mhusika akifikisha miaka 35 anaanza kurushiwa dadu za uzee. Ukifa, mwanao anaendelea.

Tulijaribu kwenye meza yetu, mchezo tofauti kabisa. Kikao kizima cha majira ya baridi, hakuna upanga. Kila mchezaji anasema alichofanya miezi mitano, mimi nauliza maswali mawili kwa kila mmoja. Maandalizi yangu yalikuwa maswali kumi kwenye kipande cha bahasha. Mmoja alijenga nyumba. Sasa ana nyumba, ana cha kupoteza, na mimi nina vikao sita vya mbele.

#13 Msimulizi Aliyechoka

Nimewaambia jana. Wawili walisema walihisi, wakaogopa kuniuliza. Tunaruka majira ya baridi, halafu mmoja anasimulia vikao vitatu. Asanteni sana wakuu.

#14 Daftari Jekundu

Safi sana, Aliyechoka.

Mleta uzi, swali la mwisho kwangu. Unawauliza wanaelekea wapi, wanakujibu kaskazini, unaandaa kaskazini, wanakaa mezani na kusema tumebadili mawazo, twende kusini. Unafanyaje? Unaihamishia kusini ile ngome ya kaskazini?

#15 Mshika Dadu

Hapana, ngome haihami. Uliniambia mwenyewe hapo juu: kilichopo kipo. Nikiihamisha, chaguo lao la kusini halikuwa chaguo, na siku wakigundua kalamu itarudi juu ya daftari.

Huwa nafanya hivi. Naomba mapumziko ya dakika kumi, wazi kabisa, nawaambia "mmenipata, nipeni dakika kumi." Hakuna aliyewahi kukasirika, wanafurahi kwamba wamenishtukiza. Dakika hizo nafungua daftari kwenye macho na madeni, natafuta aliye upande wa kusini. Yupo daima, baada ya vikao vingi hivi. Kisha kwenye mstari wa "asipozuiwa" wa kaskazini naweka alama: hakuna aliyemzuia. Naye anaendelea na shughuli zake wakati wao wako kusini, na siku wakirudi wanakuta alichokimaliza.

Kwa mfano wa sasa: kikao cha 84 ni kesho kutwa. Waliniambia wanarudi kwa mvushaji kumrudisha mwanawe. Karatasi iko mbele yangu, nusu imejaa. Kuna mwanzo, kuna watu watatu, kuna majina. Kitu kisichokuwepo mahali kingepaswa kuwepo nimekiongeza leo kwa sababu ya uzi huu: kasia moja la boti. Bado sijajua alilichukua nani. Narudi kwenye daftari kuangalia nani alikuwa gatini siku ile.

#16 Mchezaji Tu

Mjane je? Si alikuwa gatini tangu asubuhi?

#17 Mshika Dadu

Alikuwepo, ndiyo. Na yule mbuzi mwenye alama isiyo yake, hakuna aliyewahi kumuuliza alimtoa wapi. Ngoja niandike.